Goma: Uchunguzi wa mazingira utangulie mashine za barabara

Tarehe 22 Mei 2021, lava ya Nyiragongo iliikata barabara ya kitaifa namba 2 (RN2) kaskazini mwa Goma, kwenye njia ya Rutshuru inayouletea mji chakula. Siku 25 baadaye, tarehe 16 Juni, marais Félix Tshisekedi na Yoweri Museveni walizindua mpakani Kasindi mradi wa barabara za kilomita 223. Kipande kimoja, cha kilomita 89, ni Bunagana–Rutshuru–Goma: njia ileile iliyokuwa imetoka kukatwa.

Mradi huo ulipangwa kabla ya mlipuko. Hapo linazaliwa swali: volkano, mbuga na mashamba vichunguzwe lini? Njia ikiwa bado kwenye karatasi, au mashine zikiwa tayari barabarani?

Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 imejibu. Mradi wowote wa miundombinu unaoweza kugusa mazingira lazima kwanza uchunguzwe athari zake kwa mazingira na kwa watu. Hata mipango ya serikali na ya majimbo inapaswa kupimwa hivyo.

Uchunguzi ukifanywa mapema, barabara inaweza kusogezwa. Ukifanywa baada ya mkataba kutiwa sahihi, kinachobaki ni kuhesabu fidia na kupanda miti kandokando.

Kwa Goma, tofauti hiyo ni ya uhai. Mwezi Januari 2002, lava ilipita katikati ya mji hadi ziwani na kufunika sehemu ya njia ya kurukia ndege. Magharibi, kuelekea Sake, mashimo hukusanya mazuku, hewa isiyoonekana inayoua watu na mifugo. Mtaro ukichimbwa pasipofaa, unaweza kugeuka mtego. Kaskazini, RN2 inapita ndani ya Mbuga ya Virunga, iliyoundwa mwaka 1925, ambako miti hukatwa kwa ajili ya makala. Barabara nzuri huwarahisishia safari wauza mboga na wauza makala vilevile.

Kivu inajua gharama ya kuchelewa. Mwaka 2017, malalamiko kuhusu kazi za barabara ya Bukavu–Goma, yakiwemo ya ukatili wa kijinsia na ya machimbo ya mawe, yalifika kwenye Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia. Mwezi Novemba mwaka huo, Benki ilisimamisha malipo ya ujenzi. Wakaaji walibaki na madhara, na barabara ikasubiri.

Sheria ya 2011 inampa mkaaji nafasi ya kusikilizwa katika uchunguzi wa hadharani kabla ya uamuzi. Wataalamu wa Kituo cha Volkano cha Goma (OVG) wanajua njia za lava. Mkulima wa Kibumba na mwendesha chukudu wanajua maji ya mvua yanatuama wapi. Ujuzi huo wote ni bure, lakini una faida ukisikilizwa kabla ya vigingi kupigwa.