Tallinn: Mji wa Mabwana Uliorithiwa na Watumishi

IKIWA ni mwezi wa Juni na saa yako ya ukutani imegonga saa nne za usiku hapa Nairobi, fahamu kwamba katika jiji la Tallinn nako ni saa nne zilezile. Tofauti ni kuwa wewe umeshafunga mapazia na kuwasha taa, ilhali mwenyeji wa Tallinn bado yuko nje akisoma gazeti kwa mwanga wa jua. Jua hilo litatua karibu saa tano kasorobo, na kufikia saa kumi za alfajiri litakuwa limechomoza tena. Lakini usimwonee wivu. Desemba huja akalipa deni, kwani mchana wa mwezi huo ni wa saa sita tu.

Tallinn ni mji mkuu wa Estonia, nchi ndogo ya watu milioni 1.3 hivi iliyo kaskazini mashariki mwa Ulaya. Jiji lenyewe lina wakazi wapatao 450,000 na limekaa ufuoni mwa Ghuba ya Finland. Ng'ambo, kilomita 80 hivi, ni Helsinki, mwendo wa saa mbili kwa feri. Bahari ya hapa, iitwayo Baltiki, itamshangaza aliyezoea ile ya Mombasa. Haipwi wala haijai kwa kiasi cha kuonekana, na maji yake yana chumvi kidogo mno, hivyo huganda upesi baridi inapozidi. Ndipo meli za kuvunja barafu hutangulia kuzifungulia njia meli nyingine.

Ajabu ni kwamba mji ulio kando ya bahari isiyokolea chumvi ulitajirika kwa chumvi! Zamani, kabla ya jokofu, nyama na samaki havingeweza kuhifadhiwa bila chumvi, nayo ililetwa kwa merikebu kutoka pwani za Ufaransa na Ureno. Wafanyabiashara wa Tallinn waliipokea, wakaipeleka mashariki hadi mji wa Novgorod huko Urusi, na kurudi na manyoya ya wanyama na nta. Wengi wao walikuwa Wajerumani wa Hansa, ule ushirika wa miji ya kibiashara uliotawala Baltiki kwa karne kadhaa. Waliuita mji Reval.

Ukitembelea mji wa kale leo utaona walivyotumia faida hiyo. Kuna ukuta wa mawe ambao karibu kilomita mbili zake zingali zimesimama pamoja na minara yake. Kuna jumba la baraza la mji lililokamilika mwaka 1404. Mkabala nalo kuna duka la dawa lililotajwa katika kumbukumbu za mwaka 1422, na zamani mgonjwa angeweza kuuziwa humo unga wa maiti iliyokaushwa ya Misri kama dawa. (Kumbe waganga wenye vituko hawakuwa wa kwetu pekee!) Kanisa la Mtakatifu Olaf lina mnara wa mita 124 hivi, na radi imeupiga na kuuteketeza zaidi ya mara moja.

Juu ya yote hayo kuna kilima cha mawe ya chokaa kiitwacho Toompea. Huko waliishi makabaila na askofu, na chini wakaishi wafanyabiashara. Pande hizo mbili hazikupendana hata kidogo. Kati yao palijengwa ukuta wenye lango lililofungwa usiku, na kila upande ulikuwa na sheria zake hadi karne ya 19. Njia mbili za kupandia kilimani huitwa Mguu Mrefu na Mguu Mfupi, na wenyeji hutania kwamba ndiyo sababu mji wao unachechemea.

Sasa jiulize, msomaji: Waestonia wenyewe walikuwa wapi? Mfalme Valdemar wa Pili wa Denmark aliteka kilima hicho mwaka 1219, na inaaminika kuwa jina Tallinn lilitokana na maneno ya Kiestonia yenye maana ya ngome ya Wadenmark. Mwaka 1346 Denmark iliuza eneo hilo kwa mashujaa wa msalaba wa Kijerumani, watu na ardhi yao, mithili ya shamba la mifugo. Ikaja Uswidi mwaka 1561, kisha Urusi mwaka 1710. Muda huo wote Mwestonia mjini alikuwa mpagazi, mtumishi au fundi mawe. Na mashambani, hadi mwaka 1816, alikuwa mali ya mwenye ardhi. Majumba yale mazuri aliyajenga yeye, lakini hakuyamiliki.

Mambo yaligeuka polepole. Wanakijiji walihamia mjini kutafuta kazi viwandani, na mwaka 1904 Waestonia, wakishirikiana na Warusi, waliwashinda Wajerumani katika uchaguzi wa baraza la mji. Uhuru ulitangazwa Februari 24, 1918, lakini mwaka 1940 majeshi ya Kisovieti yakaingia. Wajerumani wakafuata mwaka 1941, na Wasovieti wakarejea mwaka 1944, baada ya ndege zao kuteketeza sehemu kubwa ya mji kwa mabomu Machi mwaka huo.

Silaha ya Waestonia ikawa nyimbo. Septemba 1988 inakadiriwa kuwa watu 300,000 walikusanyika katika uwanja wa kuimbia wa Tallinn. Agosti 23, 1989, watu walishikana mikono kutoka mnara wa Toompea, kupitia Riga, hadi Vilnius, mnyororo wa zaidi ya kilomita 600. Uhuru ulirejeshwa Agosti 20, 1991, na mwaka 1997 UNESCO ikauorodhesha mji wa kale kuwa urithi wa dunia.

Hata hivyo, panda basi uende mtaa wa Lasnamäe. Huko hakuna minara ya kale ila safu za maghorofa yaliyojengwa enzi za Kisovieti, na zaidi ya watu 100,000 huishi humo. Wengi husema Kirusi. Wao au wazazi wao waliletwa kufanya kazi viwandani. Tangu Septemba 2024 shule zilizofundisha kwa Kirusi zimeanza kuhamia Kiestonia, darasa baada ya darasa. Wazazi wengine wamefurahi kwamba watoto watapata kazi kwa urahisi. Wengine wanauliza watasaidiaje kazi za shule kwa lugha wasiyoijua vizuri.