Pilipili ya Bujumbura Kwenye Mkate wa Kifaransa

Mwaka 2013 ilitoka albamu ya Kifaransa yenye neno letu kwenye jalada: Pili pili sur un croissant au beurre. Ni pilipili ile ile tunayoijua, safari hii imepakwa kwenye ule mkate wa siagi ambao Wafaransa hunywea kahawa asubuhi. Mwenye albamu ni Gaël Faye, na ukilielewa jina la albamu hiyo umeshamwelewa nusu.

Alizaliwa Bujumbura mwaka 1982, baba Mfaransa, mama Mnyarwanda. Wasifu wake mwingi hupapita hapa haraka, nami naomba tutue. Mama alikuwa Burundi kama mkimbizi, mmoja wa Watutsi waliolazimika kuihama Rwanda. Basi mtoto alizaliwa katika nchi isiyokuwa ya baba wala ya mama. Burundi ilikuwa yake kwa sababu moja tu: ndiko alikochezea. Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi akauawa, vita vikaanza. Mwaka uliofuata yakaja mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi nchini Rwanda. Mwaka 1995 kijana akajikuta Ufaransa, na huko ndiko rap ilikomkuta.

Kinachonigusa ni anachochagua kusimulia. Katika albamu hiyo kuna wimbo L'ennui des après-midi sans fin, unaohusu mchana mrefu wa mtoto asiye na la kufanya. Amepoteza nchi nzima, na anachokililia ni zile saa ambazo hakikutokea kitu! Tulioondoka nyumbani tunajua kwamba si sherehe zinazorudi usingizini. Mimi hunirudia mlio wa bati likipata jua la saa saba, basi.

Wimbo uliomtambulisha zaidi ni Petit pays, yaani nchi ndogo. Humo anaisemesha Burundi kana kwamba ni ndugu aliyeachwa mbali, na kiitikio kinakiacha Kifaransa na kuingia lugha ya nyumbani. Ikumbukwe kwamba mtu huyu alishawahi kufanya kazi London, kwenye kampuni ya uwekezaji, akauacha mshahara huo ili aandike mistari. Mhariri wa vitabu aliposikia nyimbo zake akamtaka aandike riwaya. Ikatoka mwaka 2016 kwa jina lile lile, ikiwa na mtoto Gaby na wenzake wanaoiba maembe ya jirani. Wanafunzi wa sekondari wa Ufaransa wakaipa tuzo yao, Goncourt des lycéens.

Tangu mwaka 2015 makazi yake ni Kigali, katika nchi ambayo mama yake aliikimbia. Hata hivyo, albamu aliyoitoa mwaka 2020 akiwa huko aliiita Lundi méchant, Jumatatu kali, kwa kukumbuka vijana wa Bujumbura waliokuwa wakitoka kujirusha Jumatatu usiku.