Nyonga mpya, mwendo wa zamani

Upasuaji umekwisha na maumivu yamepoa, lakini mgonjwa angali anachechemea. Je, kiungo kimeharibika?

MAMA amefanyiwa upasuaji wa nyonga mjini Mombasa, ametolewa nyuzi na amerudishwa nyumbani Vitengeni. Miezi minne imepita. Mwanawe aliye Nairobi hupiga simu kila Jumapili na jibu ni lile lile: yale maumivu ya usiku hayapo tena, namshukuru Mungu, ila bado nachechemea. Majirani nao wameanza kusema. Wako wanaouliza kwa upole, "Hawe, mguu huo haujanyooka tu?" Na wako wasiouliza, bali husema pembeni kwamba pesa za watoto zimeliwa bure, au kwamba kuna mkono wa mtu.

Mama huyu tumemchora kwa mfano tu, lakini familia nyingi zilizopitia upasuaji wa aina hii zitamtambua. Na zitatambua pia kinachofuata. Mama huona haya, huacha kutoka, hushinda ameketi mlangoni. Hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu mguu usiotembezwa hauponi mwendo wake.

Nyonga ni tufe lililokaa ndani ya kikombe. Tufe ni kichwa cha fupa la paja, na kikombe kimo katika mfupa wa kiuno. Gegedu linalovitenganisha likilika, mfupa husuguana na mfupa, na kila hatua huwa mateso. Daktari hukiondoa kichwa kilichoharibika, akaweka cha chuma au cha kauri chenye mpini unaoingia ndani ya fupa la paja, pamoja na kikombe kipya ambacho mara nyingi huwa na bitana ya plastiki ngumu. Upasuaji huu ulipata sura yake ya kisasa mwezi wa Novemba 1962, mikononi mwa daktari Mwingereza John Charnley katika hospitali ya Wrightington. Hapa Kenya hufanywa katika hospitali kubwa za Mombasa na Nairobi, na hospitali ya PCEA Kikuyu ina jina katika kazi za mifupa.

Kiungo chenyewe ni kigumu kuliko watu wanavyodhani. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Lancet ulikadiria kwamba kati ya nyonga 100 zilizobadilishwa, karibu 58 hudumu miaka 25. Kwa hiyo mtu anayechechemea mwezi wa nne asikimbilie kufikiri kwamba chuma kimevunjika. Mara nyingi kosa liko kwingine.

Msuli uliolala

Daktari hubadilisha mfupa, msuli habadilishi. Ubavuni mwa nyonga, juu kidogo ya tako, kuna misuli ambayo kazi yake ni kuzuia kiuno kisianguke upande mmoja mtu anapotembea. Msomaji anaweza kujaribu sasa hivi. Simama wima, weka viganja ubavuni mwa nyonga, kisha inua mguu mmoja. Utahisi msuli ukikaza upande wa ule mguu uliobaki chini. Kila hatua tunayopiga ni kusimama kwa mguu mmoja kwa nukta moja, na katika nukta hiyo nyonga hubanwa kwa nguvu inayofika mara mbili na nusu hadi tatu ya uzito wa mwili. Mama wa kilo 60 huibebesha nyonga yake kilo 150 hadi 180.

Msuli huo ukiwa dhaifu, ama kiuno huanguka upande wa pili, ama mtu huulaza mwili mzima upande wa nyonga mbovu ili asianguke. Daktari Mjerumani Friedrich Trendelenburg alieleza dalili hiyo mwaka 1895, na hadi leo madaktari huitafuta kwa jinsi ile ile: humsimamisha mgonjwa kwa mguu mmoja, wakamtazama kwa nyuma.

Sasa fikiria mama aliyekaa na maumivu miaka sita au saba kabla ya kufika kwa mpasuaji. Miaka yote hiyo alikuwa akiukwepa mguu ule, na msuli ukanyauka. Tena baadhi ya njia za upasuaji hupita kwenye msuli huo huo, sehemu yake ikafunguliwa na kushonwa tena. Ndiyo maana yule aliyechelewa kwenda hospitali huchechemea muda mrefu zaidi. Wengi huona nafuu kubwa katika miezi mitatu hadi sita, na mwendo huendelea kutengenea hata mwaka mzima, pengine zaidi.

Si wazee peke yao. Ugonjwa wa selimundu, ambao umeenea sehemu za malaria kama Pwani, unaweza kuzuia damu kufika kwenye kichwa cha fupa la paja hadi kikafa na kubomoka, na mwenye ugonjwa akawa kijana wa miaka ishirini na kitu. Kijana huyo ana miaka mingi mbele yake na hukosa subira. Hupenda kusikia habari za Andy Murray, bingwa wa tenisi, aliyewekewa nyonga ya chuma Januari 2019, na Oktoba mwaka huo huo akashinda mashindano ya Antwerp. Ni kweli, lakini Murray alikuwa na wataalamu wa kumwangalia kila siku. Vitengeni mtaalamu wa tiba ya viungo hayuko mlango wa pili, na safari ya kwenda Kilifi kupitia Ganze ni nauli na siku nzima.

Kwa hiyo mazoezi lazima yafanyike nyumbani. Kabla ya kutoka hospitali, mwombe mtaalamu akuonyeshe mazoezi yanayokufaa, kwani aina ya upasuaji ndiyo huamua lipi lianze lini. Yaliyo ya kawaida hayahitaji mashine. Shika meza nzito au nguzo ya nyumba, simama wima, peleka mguu uliopasuliwa upande bila kuinamisha mwili, urudishe polepole. Lala chali, kunja magoti kiasi, inua matako, hesabu hadi tano, shusha. Inuka kutoka kiti kirefu kisha keti tena bila kujibwaga. Mara kumi kila moja, asubuhi na jioni, na kuongeza kadiri nguvu zinavyorudi. Mjukuu akae nyuma atazame kiuno: kikianguka, amwambie. Watoto huipenda sana kazi hiyo ya kumkosoa mkubwa.

Fimbo mkono upi?

Hapa wengi hukosea. Mwenye nyonga mbovu ya kulia hushika fimbo kwa mkono wa kulia, akidhani anauegemeza mguu. Kinyume chake ndicho sawa. Fimbo hushikwa mkono wa upande mzima na hutangulia pamoja na mguu uliopasuliwa. Ikiwa upande huo wa pili, inazuia kiuno kisianguke na kuupunguzia mzigo ule msuli dhaifu. Urefu wake ufike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono mtu akisimama wima na mkono umening'inia, na chini iwe na mpira. Fimbo ya mti yafaa, mradi fundi aikate kwa kipimo.

Mantiki hiyo hiyo inahusu mizigo. Aliyekwisha kuruhusiwa kubeba, abebe mtungi mdogo upande wa nyonga iliyopasuliwa, fimbo mkono wa pili. Ndoo ya kichwani ingoje. Huo ni uzito unaoongezwa kwa kila hatua, na njia ya bwawani huwa haiko sawa.

Nyumba zetu pia zina mitego. Wagonjwa wengi huagizwa wasikunje nyonga kupita pembe ya kiti cha kawaida katika wiki za mwanzo, wasikunje nne wala kujipinda, kwa kuwa kiungo kinaweza kuteguka. Sasa choo cha shimo ni cha kuchuchumaa. Seremala anaweza kutengeneza kiti imara chenye tundu, kikawekwa juu ya shimo. Kalio lake liwe juu kidogo kuliko goti. Kibao cha mbuzi apewe mwingine akune nazi, na mkeka uachwe kwa muda. Bodaboda ni balaa mbili: mwanamke akikaa upande hupinda nyonga, akipanda kiume hutupa mguu mbali. Aiache hadi daktari atakaporuhusu.

Jambo jingine linalotisha ni mguu "uliorefuka". Nyonga iliyolika huwa imeufupisha mguu kidogo kidogo na kiuno kikazoea kukaa mshazari. Kiungo kipya kikirudisha urefu, mgonjwa huhisi amesimama juu ya tofali. Kwa wengi hisia hiyo hupungua katika miezi ya mwanzo, misuli inapolegea na kunyooka. Usikimbilie kuongeza soli kabla ya kupimwa, maana utakizoesha kiuno ule ushazari. Ikithibitika baadaye kwamba tofauti ni ya kweli, fundi viatu anaweza kuongeza unene unaotakiwa, hata kwenye akala. Kandambili usivae, zinateleza na kumfanya mtu aburure mguu.

Na mkandaji? Nia yake ni njema, lakini mguu wenye kiungo bandia haupaswi kuvutwa wala kuzungushwa na mtu asiyejua kilichomo ndani. Kuchanjwa juu ya nyonga ni hatari zaidi, kwani vijidudu vikifika kwenye chuma ni vigumu sana kuvitoa. Hata jipu au jino bovu litibiwe mapema.

Kuna kuchechemea kusikongojewa. Maumivu makali ya ghafula, mguu ukawa mfupi na kugeuka, huenda nyonga imeteguka: mgonjwa asisimame, apelekwe hospitali. Homa, kidonda kinachotoa maji au usaha, muundi uliovimba na kuuma, kifua kubana, hayo ni ya siku hiyo hiyo. Unyayo unaoburura kwa kushindwa kuinuka waweza kuwa ni neva iliyoumia. Na aliyekwisha kutembea vizuri, kisha baada ya muda akaanza tena kuchechemea na kuumwa kinena au paja, apigwe picha, huenda kiungo kimelegea. Hata asiye na dalili hizo, ikiwa kiuno bado kinaanguka baada ya mwaka wa mazoezi ya kweli, arudi kwa mpasuaji. Pengine msuli ulioshonwa haukushika. Aende na picha zake za awali na ile karatasi ya hospitali inayotaja aina ya kiungo alichowekewa.

Basi fimbo iachwe lini? Si siku maumivu yanapoisha, wala siku ambayo mtoto wa Nairobi anakuja kutembea. Jaribu hivi: simama karibu na ukuta, inua mguu mzima, uhesabu hadi thelathini. Kiuno kikibaki sawa, tembea bila fimbo uani, kisha hadi kwa jirani. Ukiona jioni mwili unaanza kulala upande kwa uchovu, ishike tena. Anayesafiri kwenda Kilifi kwa matatu aichukue hata kama ameanza kuisahau nyumbani. Makanga akiiona, huwapisha wenye fimbo kiti cha mbele.