Jabali la Ardabil: Hossein Rezazadeh na nguvu zisizouzwa

Wahenga wetu wa pwani walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Sidhani kama walikuwa wakiwafikiria wanyanyuaji vyuma, lakini hakuna methali inayowafaa zaidi watu hao, kwani chuma hulala chini sakafuni, na hata awe jabali wa namna gani, mtu hana budi kukiinamia kwanza ndipo akiinue.

Methali hiyo ilinijia jioni moja, baada ya sala ya Isha, nilipokuwa nimeketi barazani kwangu hapa Majengo, Pumwani. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, lakini Nairobi imenishika kwa zaidi ya miaka thelathini, na muda huo mwingi nimeupitisha katika mitaa hii ya Eastlands. Kijana mmoja wa mtaani alinijia, akaniamkia kwa adabu, akakaa kimya. Kijana huyo ndiye mwenye nguvu kuliko wote pale uani tunapofanyia mazoezi. Msomaji asidhani hapo uani pana vifaa vya fahari. Chuma chetu ni ekseli ya lori lililokufa zamani, vizito vyetu ni gia kuukuu tulizozinunua kwa mafundi wa jua kali pale Kamukunji, na vingine ni mikebe ya rangi iliyojazwa saruji.

“Ami,” akaniambia mwishowe, “kuna bwana amekuja na gari. Anataka vijana wenye miili wa kufuatana naye mikutanoni. Malipo ni ya kila siku, mkononi.”

Nilimuuliza kazi yenyewe ni ipi. Akainamisha kichwa, akasema, “Kusimama tu. Na pakizuka jambo, kulimaliza.”

Sisi wazee wa mitaa hii twajua maana ya kulimaliza jambo. Ni kumpiga mtu usiyemjua kwa niaba ya mtu usiyemjua. Lakini vilevile nilijua kuwa mama yake ana kodi ya nyumba ya miezi miwili hajailipa, na kijana mwenye haja hapewi hotuba. Basi nikaagiza kahawa, nikamsimulia habari za Hossein Rezazadeh.

Bwana huyu alizaliwa Ardabil, mji wa baridi kaskazini-magharibi mwa Iran, tarehe 12 Mei mwaka 1978. Alikuwa hajulikani sana duniani alipofika Sydney, Australia, kwa michezo ya Olimpiki ya mwaka 2000, naye ana umri wa miaka 22. Katika kundi la wazito kabisa, yaani wenye kuzidi kilo 105, mbele yake walikuwako vigogo wawili: Andrei Chemerkin wa Urusi, aliyekuwa bingwa wa Olimpiki iliyotangulia, na Ronny Weller wa Ujerumani.

Mchezo wenyewe una mitindo miwili, na kila mtu hupewa nafasi tatu katika kila mtindo. Wa kwanza ni wa kunyakua: chuma hutoka chini na kufika juu ya kichwa kwa mkupuo mmoja, bila kupumzika. Wa pili una hatua mbili: chuma hupandishwa kwanza hadi mabegani, mtu akasimama nacho, akavuta pumzi, ndipo akakisukuma juu. Uzito bora wa kila mtindo hujumlishwa, na mwenye jumla kubwa ndiye mshindi.

Usiku ule wa Sydney, Rezazadeh alinyakua kilo 212.5, kisha katika mtindo wa pili akainua kilo 260. Jumla ikawa kilo 472.5, rekodi ya dunia. Weller alibaki na 467.5 na Chemerkin 462.5. Rekodi hiyo ya jumla ilikaa hadi mwaka 2016, Lasha Talakhadze wa Georgia alipoinua kilo 473 huko Rio de Janeiro. Ni nusu kilo tu, uzito wa pakiti ndogo ya sukari, nayo ilitafutwa miaka 16!

Mimi mwenyewe nilimwona kwenye televisheni miaka minne baadaye, tarehe 25 Agosti 2004, katika mkahawa mmoja hapa Majengo. Michezo ilikuwa Athens, na saa yao ya majira yale ilikuwa sawa na yetu. Mkahawa ulijaa. Hapa Kenya tumezoea kushangilia wakimbiaji, na Olimpiki imetupa dhahabu moja tu nje ya riadha, ile ya ngumi aliyoileta Robert Wangila kutoka Seoul mwaka 1988. Lakini usiku ule watu waliacha vikombe vipoe kwa ajili ya mtu wa Iran.

Alitokea jukwaani mtu mwenye uzito wa zaidi ya kilo 150, kifua kama mlango wa Lamu. Kifuani mwake paliandikwa jina la Abulfadhl, naye kabla ya kuinama alimwita kwa sauti kubwa. Huyo ni Abbas bin Ali, aliyeuawa Karbala akienda kuwaletea maji wenye kiu. Pale mkahawani palitokea ubishi mdogo, maana si madhehebu yote yanayoita hivyo. Mzee mmoja akaukata akisema, “Mwacheni kwanza ainue, mtajadiliana baadaye.”

Naye akainua. Alikuwa amekwisha kunyakua kilo 210, na sasa akasimama na kilo 263.5 juu ya kichwa, rekodi mpya ya dunia ya mtindo wa pili. Ili msomaji aelewe, gunia la mahindi hapa kwetu ni kilo 90. Basi chukua magunia matatu, uyapunguze kidogo tu, uyaweke juu ya kichwa cha mtu mmoja! Kwa kanuni za wakati ule jumla yake iliandikwa 472.5, na aliyemfuata, Viktors Scerbatihs wa Latvia, aliachwa kwa kilo 17.5. Rezazadeh akawa Muirani wa kwanza kutwaa dhahabu mbili za Olimpiki. Vilevile alikuwa bingwa wa dunia mwaka 2002, 2003, 2005 na 2006.

Lakini sikumpa kijana habari hizi kwa sababu ya kilo. Nilimsimulia kwa sababu ya jambo lililotangazwa sana kabla ya Athens. Uturuki, nchi yenye mapenzi makubwa na mchezo huu, ilitaka ainue vyuma kwa bendera yake. Magazeti yaliandika kwamba aliwekewa mshahara mnono wa kila mwezi, nyumba ya kifahari, na mamilioni ya dola iwapo angeshinda. Rezazadeh alikataa. Alisema yeye ni Muirani, naye awapenda watu wake. Sisemi kwamba alikuwa maskini wa kutupwa, la. Baada ya Sydney Rais Khatami alimsaidia kupata nyumba Tehran, na ndoa yake, aliyofunga Makka mwaka 2003, ilionyeshwa kwenye televisheni ya nchi yake. Lakini alijua kwamba kuna mnunuzi ambaye ukishapokea fedha yake, nguvu si zako tena.

Jambo la pili ni jinsi alivyoacha. Mwaka 2008, Olimpiki ya Beijing ikikaribia na watu wakimngoja achukue dhahabu ya tatu, madaktari walimwonya juu ya afya yake. Akaweka chuma chini, akageukia ukocha na uongozi wa mchezo, na mwaka 2013 akachaguliwa katika baraza la jiji la Tehran. Hapa nakiri kosa langu. Mimi kiuno kilipoanza kuniuma uani nilijifanya shujaa, nikaongeza gia nyingine kwenye ekseli. Leo nikirukuu nasikia adhabu yake. Mwili ni amana, na Mtume wetu (S.A.W.) alitufunza kwamba mwenye nguvu si yule awaangushaye wenziwe, bali ni yule ajimilikiye anapoghadhibika.

Kijana alinisikiliza hadi kahawa ikaisha. Akauliza, “Ami, na kodi je?”

Swali la haki. Nilimwambia ukweli: Rezazadeh alikuwa na taifa zima nyuma yake, na yeye ana mimi na jirani wawili watatu. Tulichanga usiku uleule, tukapata ya mwezi mmoja. Wa pili haukupatikana.

Yule bwana wa gari alirudi, na najua atarudi tena. Juzi nilipita Gikomba alfajiri, nikamkuta kijana anashusha marobota ya mitumba kwenye lori. Aliinama, akakaza mgongo kama nilivyomfunza, akanyanyuka na robota begani. Aliponiona hakulitua. Aliniamkia nalo vivyo hivyo begani, akapita.