Piga hesabu ya fundi kabla hujataja bei ya nyumba ya mnada

Umeona tangazo: mazoneti Buruburu, inapigwa mnada kwa sababu mwenyewe amelemewa na mkopo. Bei inavutia. Lakini nyundo ikigonga wewe ndiye mshindi, unalipa amana, mara nyingi asilimia 25, na salio ndani ya siku 90. Ukirudi nyuma baada ya kugundua paa limeoza, amana ndiyo imeenda.

Shida ni kwamba mara nyingi hufunguliwi mlango. Mwenye nyumba au mpangaji bado yumo ndani, na ana machungu yake. Buruburu kuna afadhali: nyumba za korti moja zilijengwa kwa ramani zinazofanana, miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980. Msalimie jirani, mwombe uone yake, umuulize kimemsumbua nini: mabomba, vigae ama nyaya za stima. Nenda na fundi na umlipe siku yake. Aandike kila kitu kivyake, si "kama milioni hivi". Vile vyumba vilivyoongezwa uani, kama havina kibali cha kaunti, viweke upande wa gharama.

Tuchukue mfano. Nyumba kama hiyo ikiwa sawa inauzwa milioni 10. Fundi amesema 1,200,000. Kwa kuwa hakuingia ndani, ongeza asilimia 20, inafika 1,440,000. Ushuru wa stempu wa asilimia 4, wakili, madeni ya maji na kodi ya ardhi, tuseme 700,000. Bei yako ya mwisho ni 7,860,000. Iandike kwenye karatasi uende nayo, maana mnadani damu huchemka.

Bei ya kutupa nayo si raha sana. Chini ya Sheria ya Ardhi ya 2012, nyumba ikiuzwa kwa asilimia 25 au zaidi chini ya bei ya soko, mkopaji anaweza kwenda mahakamani, nawe unabaki ukingoja.

Amana hupitia benki, kama masharti ya mnada yanavyosema. Mtu akikwambia umtumie kwa namba yake "akushikie nyumba", kata simu. Simu yako tumia kwa mafundi, tena kwa hatua, na ujumbe wa malipo usifute. Fundi wa vigae akisema amemaliza, panda ngazi ujionee kabla hujabonyeza PIN.