Ng'ombe mgeni zizini: Kwa nini hupigana, na mfugaji afanye nini

WAHENGA walinena kuwa mafahali wawili hawakai zizi moja. Hata hivyo, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa anajua kwamba hata majike hawatulii mpaka ibainike nani mkubwa na nani mdogo.

Katika eneo la Kanja, kaunti ya Embu, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, mashamba ni madogo na ng'ombe wachache hufugwa zizini na kuletewa malisho. Ndugu wawili wakiunganisha mifugo yao, au ng'ombe mpya akinunuliwa sokoni, siku ya kwanza huwa ya purukushani. Vichwa hugongana, mgeni hufukuzwa horini, na jioni maziwa hupungua. Mwenye ng'ombe huweza kudhani ameuziwa mnyama mbovu, akamuuza kwa hasara kabla ya wiki kwisha.

Ukweli ni kwamba purukushani hiyo ina mpango wake. Mnamo 1922, mtaalamu wa Norway, Thorleif Schjelderup-Ebbe, alichapisha utafiti kuhusu kuku, akaonyesha kuwa kila mmoja hujua awezaye kumdonoa na yule wa kumwogopa. Ngazi za vyeo za namna hiyo zimeonekana pia miongoni mwa farasi, mbuzi na ng'ombe.

Makundi mawili yanapokutanishwa, kila mnyama hana budi kupimana na asiyemjua. Mara nyingi huanza kwa vitisho. Farasi hulaza masikio nyuma. Ng'ombe huinamisha kichwa na kumwelekezea mwenzake paji la uso. Anayetishwa akisogea, shauri limekwisha. Asiposogea, ndipo hugongana.

Umri, uzito na pembe humsaidia mshindani, na vilevile muda aliokaa zizini. Ndiyo maana mtamba mgeni aghalabu huangukia ngazi ya chini kabisa. Vurugu kubwa huwa katika siku mbili tatu za mwanzo, kisha hupungua. Vyeo vikishajulikana, kutikisa kichwa tu hutosha. Kwa hivyo, cheo chenyewe huepusha vita vya kila siku.

Tatizo ni nafasi. Malishoni, aliyeshindwa huenda kando na kuachwa. Katika zizi dogo hana pa kukimbilia, hivyo huendelea kupigwa ingawa amekwisha kusalimu amri. Hula masalio, husimama muda mrefu badala ya kulala na kucheua, na maziwa yake hupungua. Akiwa na mimba, pigo la ubavuni laweza kumletea madhara makubwa.

Mfugaji hawezi kuzuia vyeo, lakini aweza kupunguza maumivu. Kwanza, mgeni atengwe kwa wiki kadhaa huku daktari wa mifugo akimkagua, asije akaingiza maradhi. Baadaye wenyeji na mgeni waonane na kunusana kupitia ua kabla ya kuchanganywa.

Pili, wachanganywe baada ya kukamuliwa, hori likiwa limejaa. Kila ng'ombe apate nafasi ya sentimita 75 hivi horini, na ikiwezekana pawe na nafasi moja ya ziada. Malisho yakitiwa sehemu mbili zilizo mbali, mnyonge naye atakula.

Tatu, ni heri kuingiza mitamba wawili wanaojuana kuliko mmoja peke yake. Nne, pembe za ndama ziondolewe na mtaalamu katika wiki za mwanzo za maisha yao. Aidha, sakafu isiwe na utelezi, kwa kuwa anayekimbia akianguka aweza kuvunjika mguu.

Kuwatenganisha kila wanaposukumana hakufai, kwani wakirudishwa huenda wakaanza upya. Mfugaji aingilie kati endapo kuna jeraha, au mmoja akizuiwa kabisa kula na kunywa.

Baada ya wiki moja au mbili, zizi likiwa limetulia, ndipo apime maziwa ya mgeni wake na kuamua kama alinunua vyema.