Mgeni Anayelipia Jembe: Hesabu ya Wiki Nne za Kujitolea Uluguru

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ndivyo tulivyousiwa. Lakini kila ifikapo Juni, Morogoro hupokea mgeni wa aina nyingine: kijana wa miaka 19 au 20 kutoka Uingereza, Ujerumani au Marekani, ambaye jembe lake amelilipia miezi kadhaa kabla hajapanda ndege. Analala kwa familia ya Kiluguru, anapaka rangi darasa au kuchimba mashimo ya miche, Jumamosi anapanda kilele cha Lupanga katika milima ya Uluguru, na wiki ya mwisho anakwenda Mikumi kutazama simba.

Watu hubishana kama ujio huu ni msaada au ni matembezi tu. Tushike kalamu, kwa sababu swali lenye faida zaidi kwa mwenyeji ni jingine: katika fedha zote zinazotumika kumleta kijana huyu, ni kiasi gani kinalala Morogoro?

Bei ya safari nzima

Biashara yenyewe si ndogo. Mwaka 2008 taasisi ya utafiti wa utalii iitwayo TRAM ilikadiria kwamba watu milioni 1.6 husafiri kila mwaka kwenda kujitolea nje ya nchi zao, na kwamba safari hizo zina thamani ya kati ya dola bilioni 1.7 na bilioni 2.6. Ukigawanya, kila mmoja alitumia kati ya dola 1,060 na 1,625 hivi. Huo ni wastani wa dunia nzima, ukiwachanganya wa karibu na wa mbali. Anayetoka Ulaya hadi Morogoro hutumia zaidi.

Hii hapa bajeti ya mfano ya wiki nne. Viza ni bei ya serikali. Viwango vingine ni makadirio ya kufanyia hesabu, na msomaji anaweza kuweka vyake.

- Nauli ya ndege, kwenda na kurudi: dola 1,000
- Viza: dola 250
- Chanjo na bima: dola 250
- Ada kwa shirika linalompeleka: dola 1,500
- Matembezi, ya milimani na Mikumi: dola 300

Jumla ni dola 3,300. Tukichukua dola moja kwa shilingi 2,500, tunapata shilingi 8,250,000. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma, kilichopandishwa hadi shilingi 500,000 kuanzia Julai 2025, kingehitaji miezi 16 na nusu kufika hapo.

Viza ina maelezo yake. Ya kawaida ya matembezi ni dola 50, na kwa Mmarekani dola 100, lakini haimruhusu mgeni kufanya kazi, hata kama halipwi. Ajaye kwa kazi ya muda usiozidi siku 90 huelekezwa kwenye viza ya biashara ya dola 250. Akikaa zaidi ya hapo anaingia kwenye kibali cha ukaazi daraja C, na Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015 inamdai kibali cha kazi pia. Kijiji kinachompokea mgeni mwenye viza ya matembezi na kumpa chepe kinajitafutia maswali kutoka Uhamiaji.

Dola inapita wapi

Sasa tufuate fedha. Nauli ya ndege, chanjo na bima, dola 1,250, hazigusi Tanzania. Viza na viingilio vya hifadhi, tuseme dola 300 kwa pamoja, vinakwenda serikalini. Kiingilio cha Mikumi peke yake ni dola 30 kabla ya VAT kwa mgeni asiye wa Afrika Mashariki.

Ada ya dola 1,500 ndiyo yenye siri. Tuseme familia mwenyeji inalipwa shilingi 20,000 kwa siku, yaani dola 8. Kwa siku 28 ni dola 224. Mratibu wa hapa, usafiri wa ndani na vifaa vya kazi vichukue dola 300 nyingine. Zinabaki dola 976, ambazo hukaa kwenye ofisi ya shirika ng'ambo: matangazo, mishahara, simu ya dharura inayopokewa saa zote, na faida kama ni kampuni. Matumizi hayo hayana wizi ndani yake. Mzazi wa London asingemruhusu mwanawe aondoke bila ile simu ya dharura. Ila ni fedha ambayo wakazi wa Mji Mpya mjini wala wa Kinole milimani hawataiona.

Kwenye matembezi, mwongozaji, gari na chakula vinabakiza Morogoro kama dola 250. Ukijumlisha zote, Morogoro imepata dola 774 kati ya 3,300. Ni senti 23 na nusu kwa kila dola. Serikali imepata senti 9. Senti 67 na nusu zimeishia njiani au hazikuondoka kwao kabisa.

Reli haina lawama katika hili. Treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, ilianza kwa nauli ya shilingi 13,000 kwa daraja la kawaida, na safari haifiki saa mbili. Kati ya gharama zote za kumfikisha mgeni milimani, kipande cha hapa nyumbani ndicho rahisi kuliko vyote.

Jembe lenyewe lina thamani gani?

Wiki ya kwanza mgeni anazoea hewa, chakula na salamu. Zinabaki wiki tatu za siku tano, saa nne kwa siku: saa 60. Saidia fundi wa mjini, tuseme analipwa shilingi 15,000 kwa siku ya saa nane, angemaliza saa hizo kwa siku saba na nusu, kwa shilingi 112,500. Ni dola 45.

Kwa hiyo kazi ya dola 45 imeletwa kwa dola 3,300. Nauli ya ndege peke yake ingemwajiri saidia fundi huyo siku 166.

Hapo ndipo wakosoaji husimama na kusema: wabaki kwao, watume fedha. Hesabu yao ina tundu. Hakuna mzazi wa Bristol anayetoa milioni mbili na nusu kumlipa saidia fundi wa Morogoro. Fedha hiyo ipo kwa sababu safari ipo. Ikifutwa safari, na zile dola 774 zinafutika. Kinachouzwa hapa ni malezi ya kijana wa kigeni: kulala nyumba isiyo na bomba ndani, kula ugali na mlenda, kupanda mlima hadi magoti yatetemeke, kurudi kwao amekomaa. Mwenye bidhaa hiyo ni mwenyeji, na ndiye anayelipwa kidogo kuliko wote.

Mlima mmoja, malipo ya aina tatu

Uluguru imewahi kupangiwa bei ya jasho kwa namna nyingine mbili. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilileta mradi wa matumizi ya ardhi ulioamuru Waluguru kuchimba matuta ya ngazi kwenye mashamba ya miteremko. Malipo yalikuwa sifuri, na mkaidi aliadhibiwa. Julai 1955 hasira zililipuka Matombo, polisi wakafyatua risasi na mtu mmoja akauawa. Mradi haukuinuka tena.

Nusu karne baadaye, mashirika ya CARE na WWF yaligeuza hesabu. Mto Ruvu unaanzia milima hii, na mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini ndiyo inayolisha sehemu kubwa ya Dar es Salaam, jiji lenye watu zaidi ya milioni 5.3 kwa sensa ya 2022. Wakulima wa Kibungo Juu, milimani huko, wakaanza kulipwa wahifadhi udongo, ili maji yanayokwenda bondeni yasiwe matope. Matuta yaleyale yaliyomwaga damu sasa yalimwingizia fedha mchimbaji.

Na leo yupo kijana anayelipa ili apewe nafasi ya kuchimba. Mlima haujabadilika, kilichobadilika ni nani anauhitaji na ana uwezo gani wa kulipa.

Kalenda isiyokubaliana

Kiangazi cha Ulaya ni Juni hadi Agosti. Hapo mjini Morogoro masika yamekwisha tangu Mei, ardhi inakauka, na vuli haijakaribia. Mche uliopandwa Julai kwenye mteremko unaotazama mji utahitaji kumwagiliwa hadi Oktoba, wakati mgeni amesharudi chuoni. Miteremko ya mashariki, upande wa Kinole na Matombo, ina nafuu: upepo wa baharini huiletea mvua karibu mwaka mzima.

Shule nazo hufungwa Juni. Anayekuja mwezi huo kufundisha Kiingereza hukuta madarasa matupu, isipokuwa labda ya mitihani, na matokeo yake ni kambi za kubuni na rangi mpya kwenye ukuta uliopakwa mwaka jana.

Zipo kazi zinazolingana na majira hayo: kuandaa vitalu, kukarabati njia za watalii kwenye Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru yenye hekta 24,115, kuhesabu ndege, kuvuna mboga Mgeta. Ipo pia ya kujifunza. Sustainable Agriculture Tanzania, iliyoanzishwa Morogoro mwaka 2011, hufundisha kilimo hai katika kituo chake cha Vianzi, na wakufunzi ni Watanzania. Hapo mgeni anakuwa mwanafunzi, na ada yake ina maana inayoeleweka.

Kazi moja haifai kabisa kwa mgeni wa wiki nne: kulea watoto wa vituo vya yatima. Mtoto anayezoeshwa mlezi mpya kila mwezi, na kuachwa kila mwezi, analipa gharama isiyoingia kwenye bajeti yoyote.

Wiki nne, wiki kumi na mbili, miezi 27

Muda hubadilisha hesabu kuliko kitu kingine. Peace Corps ya Marekani, iliyoundwa Machi 1961 na kuleta wapimaji, wanajiolojia na wahandisi Tanganyika mwaka huohuo, humweka mtu wake takribani miezi 27: mitatu ya mafunzo, pamoja na Kiswahili, kisha miaka miwili ya kazi. Gharama yake hubebwa na serikali ya Marekani. Nauli ileile ya dola 1,000 ikigawanywa kwa miezi 24 ya kazi ni dola 42 kwa mwezi. Kwa mgeni wetu, ni dola 1,000 kwa mwezi mmoja.

Njia ya kati ilijaribiwa hapahapa. Raleigh International, shirika la Uingereza lenye asili ya safari za vijana za miaka ya 1980, lilifanya Morogoro kuwa moja ya vituo vyake nchini. Lilikuwa na mlango wa safari ya wiki kumi, ya huduma vijijini na matembezi marefu, ambayo kijana alichangisha zaidi ya pauni 3,000. Mlango wa pili ulikuwa ICS, mpango wa vijana kujitolea uliosimamiwa na shirika la VSO kwa fedha za serikali ya Uingereza tangu 2011: Mwingereza wa miaka 18 hadi 25 alichangisha pauni 800 na kuishi kijijini hadi wiki 12, sambamba na kijana wa Kitanzania. Huyo Mtanzania ndiye aliyefanya kazi ifanyike, kwa kuwa aliijua lugha na alibaki nchini baada ya ndege kuondoka.

Mwaka 2020 Uviko ulisimamisha safari, fedha za serikali zikaisha, na Mei 2022 Raleigh International ikafunga milango London. Raleigh Tanzania iliendelea, ikiwa mikononi mwa vijana wa nchi. Sehemu iliyookoka ni ile iliyokuwa na mizizi hapa.

Asilimia 3.4

Tuseme wageni 100 wanakuja Morogoro kwa mwaka kwa bajeti yetu. Zinabaki shilingi 193,500,000. Ukiwagawia wakazi 471,409 wa Manispaa, kila mmoja anapata shilingi 410, ambazo hazifikii nauli ya daladala. Hakuna mji utakaojengwa kwa fedha hizo. Lakini wageni haohao wakilala katika nyumba 20 za kitongoji kimoja, kila nyumba inapokea watano na kuingiza shilingi milioni 2.8. Ukubwa wa biashara hii huonekana kwenye kitongoji, na huko ndiko kwa kujadili bei.

Kati ya zile shilingi 20,000 za siku, tuseme 12,000 zinaishia kwenye chakula, maji, mkaa na sabuni. Mama mwenyeji anabakiwa na 8,000, au 224,000 kwa wiki nne. Akidai 30,000, anabakiwa na 504,000, zaidi ya mara mbili. Kwa kijana wa ng'ambo nyongeza hiyo ni dola 112, asilimia 3.4 ya safari yake. Hakuna atakayeghairi kuja Uluguru kwa asilimia 3.4.

Kwa hiyo mwenyekiti wa kijiji, mtendaji na familia zinazopokea wageni, ombeni mambo manne kabla ya kufungua mlango: mchanganuo wa ada kwa maandishi, bei ya malazi iliyopitishwa na mkutano mkuu wa kijiji, viza inayoruhusu kazi, na kijana mmoja wa hapo anayelipwa kufanya kazi bega kwa bega na kila mgeni. Shirika likikataa kuonyesha mchanganuo, mgeni wake akapande mlima kama mtalii, alipe mwongozaji na kiingilio, arudi salama. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Na mwenyeji hawezi kupona kwa senti 23.